Mboya Hakukimbilia Kwao Kuomba Kura

Wahenga walinena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii tumeifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, na ni methali njema. Hata hivyo, wanasiasa wetu wameiteka na kuigeuza ngao. Kila uchaguzi unapokaribia, anayetaka ubunge jijini Nairobi huulizwa kwao ni wapi, na asiyekuwa na jibu la kuridhisha hushauriwa arudi alikozikwa babu yake akaombe kura huko. Mimi naamini kwamba mgombea hupimwa kwanza kwa uamuzi huu: amechagua kuomba kura wapi, na kwa nini? Maisha ya marehemu Thomas Joseph Mboya yana funzo kubwa juu ya jambo hili, nalo lawafaa walimu na wanafunzi.

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake aliajiriwa. Wazazi wake walikuwa Waluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Alisoma shule za misheni ya Kikatoliki: Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na hatimaye Mang'u katika nchi ya Wakikuyu. Kabla hajatimiza miaka 20, kijana huyu alikuwa amekwisha kuishi na watu wa makabila matatu na kuzijua lugha zao. Ukimuuliza kwao ni wapi, ungempa kazi ya kufikiri.

Baada ya kuhitimu ukaguzi wa afya, aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hapo aligundua kwamba mkaguzi Mzungu alilipwa takriban mara tano ya mshahara wake kwa kazi ile ile. Aliwaunganisha wafanyakazi wenzake katika chama, na mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Makao yake yalikuwa Ziwani, mtaa mmojawapo wa Eastlands.

Yafaa tuikumbuke Eastlands ya siku zile. Kaloleni, Ziwani, Makongeni, Bahati na mitaa mingine ilijengwa ili kuwahifadhi vibarua na makarani wa Kiafrika. Nyumba zilikuwa za Baraza la Jiji, za reli au za waajiri wengine. Aliyepoteza kazi angeweza kupoteza na paa. Mkoloni alimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mpita njia, mtu ambaye kwao halisi ni katika eneo la kabila lake. Mwezi Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, majeshi yaliizingira Nairobi na kuwakamata makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini au kurudishwa mashambani. Kwa hiyo, tunapomwambia mkazi wa Makadara leo kwamba siasa zake aende akazifanyie kwao, tumsikilize vizuri aliyetangulia kusema hivyo.

Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika Machi 1957. Viti vilikuwa vinane kwa nchi nzima. Haki ya kupiga kura ilitegemea elimu, kipato, mali au utumishi, na mtu mmoja aliweza kupewa hadi kura tatu. Wakikuyu, Waembu na Wameru walihitaji kwanza cheti cha utiifu kwa serikali. Mboya alikuwa ametoka masomoni Oxford mwaka uliotangulia. Rusinga ilikuwa katika Nyanza Kusini, ambako Lawrence Oguda alipata kiti. Nyanza ya Kati ilimwendea Oginga Odinga. Yeye alisimama Nairobi dhidi ya wakili mashuhuri Argwings-Kodhek, mtetezi wa washtakiwa wa Mau Mau, akamshinda kwa kura mia chache tu. Hata hivyo, wote wawili walikuwa Waluo. Ushindi huo ulionyesha nguvu za vyama vya wafanyakazi, lakini bado haukuthibitisha kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka wa kabila.

Mtihani huo ulikuja Februari 1961. Safari hii haki ya kupiga kura ilikuwa imepanuliwa sana. Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa KANU, alichagua Nairobi Mashariki, eneo ambalo wapiga kura wake wengi walikuwa Wakikuyu. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Dakta Munyua Waiyaki, tabibu msomi wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, naye pia mwanachama wa KANU, tena akiungwa mkono na mahasimu wa Mboya ndani ya chama hicho. Kwa hesabu ya makabila, Mboya alikuwa amejitia kitanzi. Kura zilipohesabiwa, alipata zaidi ya 31,000. Waiyaki hakufikisha 3,000. Watu ambao ndugu zao walikamatwa mwaka 1954 walikuwa wamekumbuka ni nani aliyepaza sauti wakati wengine walipofunga vinywa.

Naona mfano unaofanana na huu ng'ambo ya bahari. Nchini Marekani, wanaotaka kuwania urais hushindana kwanza wao kwa wao katika mchujo wa vyama, jimbo baada ya jimbo, na kila mmoja huamua atapigania majimbo yapi. Mwaka 1960 John Kennedy, Mkatoliki, aliamua kushindana West Virginia, jimbo la Waprotestanti, akijua kwamba asipoweza kushinda huko viongozi wa chama chake wangemwona hafai. Tarehe 10 Mei alimshinda Hubert Humphrey, naye Humphrey akajiondoa. Lyndon Johnson, ambaye hakutaka kujitosa katika michujo, aliukosa uteuzi. Mwezi Julai mwaka huo huo Mboya alimtembelea Kennedy huko Hyannis Port kutafuta nauli za wanafunzi wa Afrika Mashariki, baada ya wanafunzi 81 kusafiri kwa ndege mwaka 1959. Wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Wakatoliki wawili, kila mmoja akiwa ametambua kwamba kushinda nyumbani pekee hakumthibitishi mtu.

Simwandiki Mboya kama malaika. Mwaka 1966, katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru, alikuwa fundi mkuu wa mpango uliofuta wadhifa wa makamu mmoja wa rais wa chama na kuweka manane ya mikoa. Lengo lilikuwa kumwondoa Odinga. Hivyo mtu aliyekataa kugawiwa eneo la kabila lake alisaidia kukigawa chama kimkoa. Hilo nalo ni sehemu ya urithi wake, na mwalimu mwaminifu hatalificha.

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na mbunge wa Nairobi, Mboya alipigwa risasi nje ya duka la dawa katika barabara ambayo leo yaitwa Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38. Alizikwa Rusinga. Kabla ya mwaka kwisha, chama cha Odinga kilikuwa kimepigwa marufuku, na ufa kati ya jamii mbili zilizompigia kura pamoja Eastlands ulikuwa umepanuka kuliko wakati wowote.

Katiba yetu ya mwaka 2010 yamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Sheria hiyo humlazimisha mgombea kutembea. Lakini haiwezi kumlazimisha kuwaheshimu anaowatembelea. Wengi huhesabu ngome zao kwanza, kisha huenda kwa wengine kama mtu aokotaye masazo.

Mboya alionyesha njia tofauti. Wale waliomchagua mwaka 1961 alikuwa amewatumikia kabla hajawaomba kitu. Wanafunzi wangu na wenzangu walimu, methali yetu haina kosa. Mkataa kwao ni mtumwa. Lakini kwa mkazi wa Kaloleni anayelipa kodi ya nyumba hapo, anayewasomesha watoto hapo na kuwazika majirani zake, kwao ni hapo. Mwanasiasa anayemwambia vinginevyo anarudia maneno ya mkoloni, hata akiyatamka kwa lugha ya mama.