Herschel: Mpiga muziki aliyenoa kioo hadi akaona sayari mpya

WILLIAM Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, Novemba 15, 1738, akiwa mtoto wa mwanamuziki wa jeshi. Mwaka 1757, baada ya Wafaransa kuvamia Hanover, alivuka bahari hadi Uingereza. Wakati huo pande hizo mbili zilikuwa chini ya mfalme mmoja.

Uingereza aliishi kwa muziki, na kuanzia 1766 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath. Mwaka 1772 dada yake, Caroline, aliungana naye. Mwaka uliofuata Herschel alianza kujitengenezea darubini, kwa kuwa kubwa za dukani zilikuwa ghali mno.

Kazi ngumu ilikuwa kioo. Hakikuwa cha bilauri bali cha mchanganyiko wa shaba na bati, kilichosuguliwa kwa mkono hadi kikawa na mbonyeo sahihi. Ukingo ukilika kidogo tu kuliko katikati, nyota haikuonekana kama nukta bali kama doa. Dawa ilikuwa moja: kukirudisha mezani. Safari moja alisugua saa 16 mfululizo, Caroline akimlisha kwa mkono.

Mwaka 1781 alijaribu kuyeyushia nyumbani kioo cha upana wa sentimita 90. Cha kwanza kilipasuka kilipopoa. Mara ya pili madini yalivuja kwenye tanuri, mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka, watu wakakimbia.

Hata hivyo, Machi 13 mwaka huohuo, kioo chake kidogo cha sentimita 16 kilimwonyesha nyota iliyokuwa na umbo la duara. Ilikuwa sayari Uranus. Baadhi ya wataalamu hawakuamini ukuzaji aliodai, hadi mwaka 1782 darubini yake ilipolinganishwa na zile za Greenwich, ikazishinda. Mfalme George III akampa pauni 200 kwa mwaka, naye akaacha muziki.

Kwa darubini yake kubwa ya futi 40, kioo cha kwanza kilitoka chembamba mno katikati, kikashindwa kushika umbo. Akatengeneza kingine kinene zaidi, cha karibu tani moja, ambacho mwaka 1789 kilimsaidia kuona Enceladus, mwezi wa Zohali. Lakini kiliingia kutu upesi na kudai kung'arishwa upya kila mara.

Herschel alifariki Slough, Agosti 25, 1822, akiwa na miaka 83.