Mtakatifu Monika: Mama aliyenyimwa dogo akapewa kubwa



Huenda somo wako wa ubatizo ni Mtakatifu Monika, au jumuiya yenu ndogo ndogo imemchagua awe msimamizi wake. Huenda pia wewe si Mkatoliki na huna desturi hiyo, lakini unaye mtoto ambaye kila unapopiga magoti jina lake ndilo linalotangulia. Leo nakuomba ukae kidogo na mama huyu. Wengi tunajua kwamba alilia na mwanawe akaokoka. Tunaruka upesi kutoka kwenye machozi hadi kwenye furaha, na katikati tunaiacha miaka zaidi ya 15 ya kungoja. Humo ndimo alimofanyika mtakatifu.

Monika alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mnamo mwaka 332 katika mji wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Usidhani alizaliwa mkamilifu. Alipokuwa msichana alitumwa kuchota mvinyo kwenye pipa la nyumbani, akaanza kwa kuonja kidogo, mwisho akawa anakunywa kikombe kizima. Siku moja mtumishi aliyegombana naye akamsuta kwamba ni mlevi. Neno lile lilimchoma, akaacha tabia hiyo mara moja.

Aliolewa na Patricius, mtu asiyekuwa Mkristo, mkarimu lakini mwenye hasira kali na asiye mwaminifu katika ndoa. Mama mkwe naye alijazwa maneno na watumishi. Monika hakujibu maneno kwa maneno. Kwa uvumilivu na upole alimpata mama mkwe, na mwishowe akampata mumewe, aliyebatizwa muda mfupi kabla ya kufa. Walikuwa na binti na wavulana wawili, Navigius na Augustino.

Augustino alikuwa na akili nyingi, na wazazi wake waliweka tumaini kubwa katika masomo yake. Hapa Monika mwenyewe aliteleza. Aliona ujana wa mwanawe unamwaka, lakini hakutaka aoe mapema, asije akaharibu elimu. Augustino aliyaandika hayo baadaye bila kumficha mama yake. Basi mzazi unayejilaumu kwa jambo ulilokosea katika malezi, ujue somo wako anakuelewa.

Kijana akaenda kusoma Karthago. Huko akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mtoto, Adeodatus. Akajiunga pia na wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba nuru na giza ni nguvu mbili zinazopigana tangu mwanzo. Aliporudi nyumbani na mafundisho hayo, mama alikataa hata kula naye meza moja, mpaka alipopata ndoto iliyomtuliza: alimwona mwanawe amesimama pale pale aliposimama yeye. Akamwendea askofu mmoja amwombe azungumze na Augustino. Askofu akakataa, akisema kijana bado ni mkaidi, aachwe asome, atagundua kosa mwenyewe. Monika aliendelea kulia na kusihi, hadi askofu akachoka, akamwambia aende zake kwa amani, kwani haiwezekani mtoto wa machozi mengi kiasi hicho apotee.

Mwaka 383 Augustino akaamua kuhamia Roma. Mama akamfuata hadi pwani, akamng'ang'ania. Augustino akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo, akamshawishi alale katika kanisa la Mtakatifu Sipriani karibu na bandari. Usiku kucha Monika alimwomba Mungu amzuie mwanawe asisafiri. Usiku uleule meli ikang'oa nanga. Asubuhi mama akabaki ufukweni, akilia mbele ya bahari tupu.

Msomaji wangu, tusimame hapo ufukweni. Mama mwadilifu, amekesha kanisani, anaomba jambo jema, na anapoamka amenyimwa. Ungekuwa wewe, ungesema nini Jumapili iliyofuata? Lakini tazama safari ile ilifikia wapi. Kutoka Roma Augustino alipata kazi ya ualimu Milano, na huko akamkuta Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalianza kumfungua moyo. Monika aliomba mwanawe asisafiri kwa sababu alitaka aokoke. Mungu alikataa la kwanza ili atimize la pili.

Naye hakususa. Alivuka bahari kumfuata, na katika dhoruba yeye ndiye aliyewatia moyo mabaharia. Alipofika Milano alibeba mikate, uji na mvinyo kwenda kwenye makaburi ya mashahidi, kama desturi ya kwao Afrika. Bawabu akamwambia Askofu Ambrosi amekataza. Hakubisha. Tangu siku hiyo alikwenda kwa mashahidi na sala peke yake, na alichoweza akawapa maskini. Mwaka 386 Augustino akasalimu amri kwa Mungu. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrosi alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius.

Miezi michache baadaye, wakiwa Ostia wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monika akashikwa na homa, akafariki akiwa katika mwaka wa 56 wa maisha yake. Kwa muda mrefu alikuwa ameandaa kaburi kando ya mumewe. Sasa hata hilo aliliachia. Alitaka mwili wake uzikwe popote, ila wanawe wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Kanisa humkumbuka Agosti 27, na kesho yake humkumbuka Augustino, aliyekuja kuwa askofu na mwalimu mkubwa wa Kanisa.

Kumheshimu mtakatifu kwa mishumaa na novena ni vizuri, lakini haitoshi kama hatufuati alikopita. Sikuahidi kwamba mwanao atarudi kwa njia unayoitaka, wala kwa mwaka unaoutaka. Ninachokuomba ni hiki: usiku wa leo taja jina lake tena mbele za Mungu. Sema wazi unachotaka, kisha umwachie Mungu njia. Na kama asubuhi utaukuta ufuko mtupu, usidhani hukusikika.

Mtakatifu Monika, utuombee. Nakutakia Jumapili njema.