Robert Koch: Bingwa wa bakteria aliyefaidi siri ya jikoni

UMAARUFU wa Robert Koch, tabibu Mjerumani aliyefichua kiini cha kifua kikuu, ulitokana kwa kiasi kikubwa na chakula alichowaandalia bakteria katika maabara.

Alizaliwa Clausthal mnamo 1843, akasomea udaktari Göttingen, kisha akahudumu Wollstein, mji mdogo ambao sasa uko Poland. Huko, kwa vifaa hafifu, aliwakuza bakteria wa kimeta katika majimaji ya jicho la ng'ombe, na mwaka wa 1876 akathibitisha kwamba hao ndio waletao maradhi hayo.

Hata hivyo, ndani ya majimaji aina nyingi za bakteria huchanganyika, na ni vigumu kumtambua mwenye hatia. Baada ya kuhamia Berlin mwaka wa 1880, Koch aling'amua kwamba juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa kila aina huota pake, mithili ya kidoa chenye rangi yake. Lakini si bakteria wote wapendao viazi. Akachanganya supu ya nyama na gelatini ili igande, na mwaka wa 1881 akawaonyesha wataalamu jijini London, Louis Pasteur akiwamo. Gelatini nayo ilikuwa na dosari: huyeyuka katika nyuzi 37, joto la mwili ambalo bakteria wengi wa maradhi hulihitaji, tena baadhi yao huila ikageuka maji.

Ufumbuzi ulitoka jikoni. Fanny Hesse, mkewe Walther Hesse aliyekuwa akitafiti katika maabara ya Koch, alipendekeza agari itokanayo na mwani, ambayo aliitumia kugandishia jeli. Alikuwa ameijua kupitia kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie kuchemka. Koch aliitaja kwa ufupi mno katika taarifa yake ya kifua kikuu ya 1882, bila kumtaja bibi huyo wala mumewe. Uchoyo usiomfaa mtu wa hadhi yake. Bakteria wa kifua kikuu wenyewe, ikumbukwe, aliwakuza hasa juu ya majimaji ya damu yaliyogandishwa kwa joto.

Dawa ya ugonjwa huo aliyoitangaza mwaka wa 1890, iliyotokana na bakteria hao, haikuponya. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1905. Mwaka uliofuata alifika visiwa vya Ssese, Uganda, kutibu malale kwa dawa yenye sumu ambayo iliwapofusha baadhi ya wagonjwa.

Koch alifariki mwaka wa 1910. Sahani ambamo agari humiminwa hadi leo ina jina la msaidizi wake, Petri, aliyeieleza mwaka wa 1887. Fanny Hesse alifariki mwaka wa 1934.