Dziga Vertov: Aliyeunda jiji kwa mkasi

JIJI linaloonekana katika filamu ya 1929, Mtu na Kamera ya Sinema, halimo katika ramani yoyote. Mwelekezi wake, Dziga Vertov, alizikata picha za Moscow, Kyiv na Odesa, akaziunganisha zikawa jiji moja linaloamka alfajiri, linalofanya kazi mchana na kustarehe jioni.

Vertov alizaliwa 1896 mjini Białystok, ulio Poland leo lakini uliotawaliwa na Urusi enzi hizo. Jina lake halisi lilikuwa David Kaufman. Alisomea muziki, kisha mwaka wa 1918 akaajiriwa Moscow kuandaa filamu za habari. Huko alijijengea imani kwamba kamera haihitaji waigizaji wala visa vya kubuni. Maisha ya watu wa kawaida yatosha.

Imani hiyo ilimponza. Mapema 1927 alifutwa kazi Moscow, akahamia Ukraine. Filamu yake ya kwanza huko, Mwaka wa Kumi na Moja (1928), ilionyesha ujenzi wa bwawa la umeme katika mto Dnipro. Wakazi wa Kiambere, Embu, wanaijua vyema maana ya bwawa la aina hiyo. Tangu 1988 maji ya Tana huzalisha hapo umeme unaosafirishwa mbali, ukawaangazia watu wasiowahi kuuona mto huo. Vertov naye, katika filamu yake ya jiji, aliingiza bwawa na mgodi wa makaa ya mawe, ili mtazamaji aone nuru ya mjini inakotoka.

Kazi hiyo ilikuwa ya jamaa. Nduguye Mikhail alipiga picha, naye mkewe, Elizaveta Svilova, akahariri. Hata hivyo, ndugu hao walikosana baadaye, na wakosoaji, akiwemo mwelekezi Sergei Eisenstein, waliiona filamu yenyewe kuwa mchezo mtupu wa kamera. Utawala wa Stalin ulipodai filamu zenye visa na mashujaa, Vertov alisukumwa kando. Alimalizia miaka yake akiunganisha habari za kawaida, hadi saratani ilipomuua mjini Moscow mwaka wa 1954.

Svilova, aliyefariki 1975, ndiye aliyeyatunza maandishi ya mumewe. Mwaka wa 2014, jarida la Uingereza, Sight & Sound, liliwauliza wakosoaji na watengenezaji filamu wachague filamu bora zaidi ya maisha halisi. Iliyoongoza ni ile ya jiji lisilo kwenye ramani.