Thomas Day, Seremala wa Milton

Katika mwaka wa jubilei twapenda kuwakumbuka waliohubiri, waliofundisha, na waliotoa mali zao. Ni mara chache tumkumbukapo mtu aliyefanya viti vya kanisa. Mtu huingia kanisani, akaketi, akasimama, akapiga magoti, akaenda zake, wala hafikiri ya kuwa benchi lile lilikuwa gogo msituni, na ya kuwa mikono ya mtu fulani ililipasua, ikalipiga randa, ikalitoboa matundu na kulichonga ndimi, ikaliunga hata likaweza kuchukua vizazi vitatu vya watu. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuweka katika kitabu hiki habari za seremala mmoja, Thomas Day, mtu mweusi wa Marekani, aliyefariki kabla ya utumwa kukomeshwa katika nchi ile. Habari zake zina sifa nyingi. Zina na neno moja zito, nalo hatutalificha.

Thomas Day alizaliwa mwaka 1801 katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia. Wakati ule walio wengi katika watu weusi wa Virginia walikuwa watumwa, lakini wazazi wake, John Day na Mourning Stewart, walikuwa watu huru. Naye alizaliwa huru, maana sheria ya huko ilimpa mtoto hali ya mamaye. Babaye alikuwa fundi wa meza na makabati, akawafundisha wanawe wawili, John na Thomas, kazi yake tangu ujana. Mwaka 1817 jamaa hii ilihamia jimbo la North Carolina, na baada ya miaka michache ndugu hao wawili walifika Milton, mji mdogo kando ya mto Dan, karibu na mpaka wa Virginia. Wenyeji wa nchi ile walilima tumbaku, na wenye mashamba walikuwa wakitajirika na kujenga nyumba kubwa. Penye nyumba mpya hapakosi kazi ya seremala.

Hapo njia za ndugu hao ziligawanyika. John aliacha randa akajifunza kazi ya kuhubiri katika kanisa la Kibatisti, na mwisho wa mwaka 1830 akapanda merikebu kwenda Liberia, katika Afrika ya Magharibi. Huko alihubiri na kufundisha, akawa mmoja wa watu waliotia sahihi hati ya uhuru wa Liberia mwaka 1847, na baadaye akawa jaji mkuu wa nchi ile. Thomas alibaki Milton. Mwaka 1827 alinunua kiwanja katika njia kuu ya mji, akatangaza katika gazeti la mahali pale ya kuwa anavyo vyombo vya nyumba vya mahogani na vya mti wa jozi, vizuri vya mtindo wa siku zile na vya kawaida pia.

Yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa maana wengi hudhani seremala ni mtu wa msumeno na misumari tu. Kazi ya vyombo vya nyumba ni ya kale sana. Katika makaburi ya wafalme wa Misri vimeonekana viti, vitanda na masanduku yaliyodumu zaidi ya miaka 3,000, na viungo vyake ni vile vile vya leo: ulimi wa ubao mmoja huingia katika tundu la ubao wa pili. Wamisri walijua hata kupasua mti wa thamani kuwa ubao mwembamba sana na kuubandika kwa gundi juu ya mti hafifu. Wayunani walifanya viti vya miguu iliyopindika kama upinde, nasi twajua umbo lake kwa picha zilizochorwa juu ya vyungu vyao. Mafundi wa Ulaya wakaendeleza ujuzi huo. Mwaka 1754 Thomas Chippendale wa London alipiga chapa kitabu cha michoro ya vyombo, na tangu hapo fundi aliye mbali aliweza kuona mitindo ya miji mikubwa asiyopata kuitembelea. Baada ya mwaka 1800 mtindo ulioenea Ufaransa, Uingereza na Marekani ulikuwa ule wa kuiga Wayunani, na mwaka 1840 John Hall wa Baltimore alitoa kitabu chake cha michoro ya namna hiyo.

Thomas Day aliijua michoro hiyo, lakini hakuwa mtumwa wa kitabu. Alichukua miti ya nchi yake, msonobari na jozi, akaiunga kuwa mifupa ya kabati au ya kochi. Kisha akabandika juu yake mahogani iliyoletwa kutoka visiwa vya bahari ya Karibi, akachagua vipande ambavyo mishipa yake ilikutana kama mbawa za kipepeo. Pale ambapo mchoro wa kitabu uliweka mpindo mdogo, yeye aliukuza, akauviringisha hata ukafanana na wimbi au na shina la mmea unaochipuka. Alifanya vitanda, meza, makabati ya watoto wengi, susu za watoto wachanga, na majeneza ya wafu. Katika nyumba za matajiri alitengeneza pia mbao za kuzunguka meko, na nguzo za mwanzo wa ngazi, ambazo hata leo mtu aliyepata kuona moja huitambua ya pili.

Hata mwaka 1830 jambo lilitokea ambalo nusura limwondoe Milton. Mwezi wa Januari alimwoa Aquilla Wilson, mwanamke mweusi aliye huru, aliyekaa Virginia, ng'ambo tu ya mpaka. Lakini mwaka 1826 Baraza la North Carolina lilikuwa limetunga sheria ya kuwazuia watu weusi walio huru wasihamie katika jimbo lile. Basi bwana arusi hakuweza kumleta bibi arusi nyumbani kwake. Thomas akaazimu kuhama. Ndipo Wazungu 61 wa Milton walipotia sahihi ombi kwa Baraza, ili mke wa fundi wao apewe ruhusa ya kuingia. Mwanasheria mkuu wa jimbo, Romulus Saunders, akaongeza ushuhuda wake. Alimsifu Thomas kuwa fundi hodari, mwenye bidii, mwaminifu na asiye mlevi. Akaongeza ya kuwa mtu huyu ana ardhi na watumwa wake mwenyewe, na ya kuwa ghasia zikitokea miongoni mwa watu weusi, yeye atakuwa wa kwanza kutoa habari. Baraza likakubali, na Aquilla akaja kwa mumewe.

Na tuutafakari ushuhuda huo. Ulimletea mtu mke wake, nasi hatuna budi kufurahi pamoja naye. Lakini tazama bei yake. Haki ambayo kila mume aliipata bure, yeye aliipata kwa fadhili ya jirani zake, na fadhili hiyo ilisimama juu ya mambo mawili: mikono yake kuwa na faida kwao, na moyo wake kudhaniwa kuwa upande wao. Mwaka uliofuata, 1831, Nat Turner aliwaongoza watumwa wenziwe kuasi katika Virginia, na Wazungu zaidi ya 50 wakauawa. Hofu ikaingia kila mahali, na sheria zikawa kali kuliko kwanza. Mwaka 1835 watu weusi walio huru wa North Carolina walinyang'anywa haki ya kupiga kura. Mwaka ule ule Thomas Day alisafiri hata Philadelphia, akahudhuria mkutano wa watu weusi walio huru waliokutana kushauriana juu ya maendeleo ya watu wao, na pamoja nao walikuwamo wapinzani wakubwa wa utumwa. Kwa mtu wa Milton safari hiyo ilikuwa ya hatari. Kwa hiyo moyo wake haukuwa kama Bwana Saunders alivyodhani, au haukuwa hivyo wote.

Sasa twaja kwenye mabenchi. Thomas na Aquilla walikuwa washiriki wa kanisa la Kipresbiteri la Milton, na mabenchi ya kanisa lile, yenye mikono ya mti wa jozi iliyoviringishwa vizuri, yahesabiwa kuwa kazi yake. Desturi ya makanisa mengi ya nchi ile ilikuwa Wazungu kuketi chini na watu weusi kupanda roshani. Mapokeo ya mji yasema ya kuwa Thomas Day alikubali kufanya mabenchi kwa sharti moja, kwamba yeye na jamaa yake waketi chini, katika benchi moja la kazi yake mwenyewe. Wengine husimulia habari hii kwa kucheka, kama habari ya mtu mwerevu. Sisi twaiona kuwa ya huzuni pia. Kanisa ni nyumba ya Baba, na mtoto hapaswi kununua kiti katika nyumba ya babaye.

Kazi yake ilizidi kukua. Mwaka 1847 Chuo Kikuu cha North Carolina kilimpa kazi ya mbao katika kumbi za vyama viwili vya wanafunzi. Mwaka 1848 alinunua Union Tavern, jumba la matofali lililokuwa nyumba ya wageni katika njia kuu, akalifanya makao yake na karakana yake, na baadaye akatia mashine za mvuke. Hesabu ya mwaka 1850 yaonyesha ya kuwa hapakuwa na karakana ya vyombo vya nyumba iliyo kubwa kuliko yake katika jimbo lote. Vijana wa Kizungu walikuwa wanagenzi wake, na mafundi wa Kizungu walifanya kazi kwa mshahara chini ya amri yake. David Reid, aliyekuwa gavana wa jimbo, aliagiza kwake vyombo vya nyumba yake, na katika mwaka 1858 peke yake alinunua vipande 47.

Lakini hesabu ile ile ya mwaka 1850 yaonyesha na neno zito tulilolitaja mwanzo. Thomas Day alikuwa na watumwa 14. Mtu mweusi, mwana wa watu huru, ndugu wa mhubiri wa Liberia, alimiliki watu weusi wenziwe, na baadhi yao walipiga randa katika karakana yake. Wako wanaosema ya kuwa asingaliweza kushindana na mafundi wengine bila watumwa. Wako wasemao ya kuwa kuwa na watumwa kulikuwa ngao yake, maana kuliwafanya Wazungu wamwamini. Huenda yote mawili ni kweli. Walakini mtumwa aliyeshika ncha ya pili ya msumeno hakupata mshahara wala hakuulizwa habari. Majina ya watu wale hayasifiwi pamoja na lake, ilhali jasho lao limo katika mbao zile zile. Sisi tunaosimulia maisha ya watu mashuhuri hatuna ruhusa ya kuzipiga randa sehemu zenye mafundo hata zionekane laini. Mtu huyu alidhulumiwa na sheria, naye aliitumia sheria ile ile juu ya wengine.

Walakini twaona ya kuwa hakutaka watoto wake warithi maisha kama yake. Mwaka 1849 aliwapeleka wanawe watatu, Mary Ann, Devereux na Thomas, wasome katika shule ya Wamethodisti huko Wilbraham, Massachusetts, katika majimbo ya kaskazini yasiyokuwa na utumwa. Barua aliyomwandikia Mary Ann mwaka 1851 ingalipo. Yaonyesha baba aliyehangaika sana kutafuta mahali pa kufaa ambapo yeye na wanawe wangekaa. Mtu aliyepamba nyumba za watu wengi hakuwa na hakika ya mahali pa kuweka nyumba yake.

Mwaka 1857 biashara ya Marekani ilianguka. Mabenki yalifungwa, na wenye mashamba waliozoea kununua kwa deni hawakuweza kulipa. Mwaka 1858 Thomas Day alishindwa kulipa madeni yake, na mali yake ikawekwa chini ya mdhamini. Akafariki yapata mwaka 1861, vita vya Marekani vilipoanza, wala hakuuona mwaka 1865 ambao utumwa ulikomeshwa. Mwanawe Thomas aliiendesha karakana hata mwaka 1871.

Jumba la Union Tavern liliungua moto mwaka 1989, kisha likatengenezwa tena. Vyombo vyake vyatunzwa katika jumba la makumbusho la North Carolina, na watu husafiri kwenda kuvitazama. Mabenchi ya Milton yangaliko.

Yatupasa kujifunza nini? Ninyi walimu, msimwache mtoto adharau patasi na randa kwa kuwa ameshika kalamu. Thomas Day alijua yote mawili, na ujuzi wake ulisema mahali ambapo sheria ilimfunga kinywa. Lakini mfundisheni pia ya kuwa ufundi peke yake haumfanyi mtu kuwa mwenye haki. Na sisi sote wa parokia, tuketipo Jumapili hii, tutazame kulia na kushoto, tuulize ni nani asiyepata nafasi katika benchi letu, na amezuiwa na nini. Tukimwona, tusingoje atuonyeshe kwanza faida ya mikono yake. Tusogee, aketi.