Shaaban Robert: Mume na Mzazi

Jina la marehemu Sheikh Shaaban Robert halihitaji tarishi wa kulipeleka mahali popote Kiswahili kinaposemwa. Shule imepewa jina hilo, barabara imepewa jina hilo, na vizazi kwa vizazi vya wanafunzi vimesoma Kusadikika na Adili na Nduguze. Lakini mtu akitukuzwa mno huwa hatarini kugeuka sanamu, ambayo hutazamwa na wote na hajulikani kwa yeyote. Kwa hiyo leo tumeona vema kumzungumza Shaaban Robert asiyetajwa sana katika maswali ya mitihani: mume wa mkewe, baba wa wanawe na kaka wa nduguye. Hatufanyi hivyo kwa kupunguza daraja yake katika fasihi. Tunafanya hivyo kwa sababu tunaamini kwamba sehemu kubwa ya daraja hiyo ilijengwa nyumbani.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, kusini ya mji wa Tanga. Wazee wake walikuwa na asili ya Uyao, lakini yeye alikulia katika lugha na mila za Waswahili, akazifanya zake. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, akahitimu akiwa wa pili miongoni mwa wanafunzi kumi na mmoja waliofaulu. Mwaka ule ule aliingia ukarani katika idara ya forodha, akautumikia hadi 1944, na Pangani ni mmojawapo wa miji aliyofanyia kazi hiyo. Baadaye alihamishiwa bara, Mpwapwa, na katika safari yake ya huko alionja ubaguzi wa rangi uliokuwa desturi ya siku zile. Mwaka 1946 alirejea Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya, na tangu 1952 katika ofisi ya upimaji wa ardhi mpaka alipostaafu.

Tumeyataja haya kwa makusudi. Wako wanaodhani kwamba mwandishi mkubwa hana budi kuwa mtu aliyekaa faraghani, akahudumiwa, akangoja fikira zimshukie. Shaaban Robert alikuwa karani wa Kiafrika chini ya utawala wa kikoloni, na mshahara wake ulikuwa wa karani wa Kiafrika. Mchana alikuwa mali ya serikali. Vitabu vyake aliviandika katika saa zilizobaki. Na katika saa hizo hizo alikuwa na nyumba ya kuitunza.

Mkewe aliitwa Amina. Kifo kilipomchukua, mumewe alimtungia shairi la maombolezo ambalo hata leo watu wazima hulisoma kwa sauti ndogo. Alimlinganisha na ua, akamwombea makazi mema, akatumainia kwamba pendo lao halikukatwa na kaburi. Yafaa tukumbuke kwamba wakati ule mashairi mengi ya mapenzi yalimsifu mwanamke anayetafutwa, ambaye bado hajapatikana. Shaaban Robert alimsifu mke aliyekwisha kuwa wake, aliyepika naye, akahama naye na kuuguza naye, tena baada ya kufa, wakati sifa haiwezi kumletea msifiji faida yoyote. Huo ndio uaminifu wa ndoa, nao haukuandikwa kwa ajili ya kushangiliwa.

Amina aliacha watoto. Hapo ndipo tunapoona jambo tunalotaka hasa ndugu wasomaji walizingatie. Kwa desturi ya pwani, wasia wa kumwandaa binti kwa maisha ni kazi ya mama. Mfano mashuhuri ni ule wa Mwana Kupona binti Msham, bibi wa visiwa vya Lamu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utenzi wa mashauri kabla ya kuondoka duniani. Binti wa Shaaban Robert hakuwa na mama wa kumfanyia hivyo. Baba yake aliitwaa kazi ile na kuifanya yeye. Akatunga Utenzi wa Hati, wasia wa mzazi mmoja anayebeba mizigo miwili.

Wasomaji wengi hupita haraka mwanzoni mwa utenzi huo. Baba anamwita binti akae juu ya kiti, ashike kalamu, aandike mwenyewe maneno anayoambiwa. Hakumketisha chini asikilize tu, wala hakumwandikia karatasi akamkabidhi imekwisha. Siku hizo wasichana waliojua kuandika walikuwa wachache mno, na wazazi wengi waliona kwamba kumpa binti kalamu ni kumfungulia mlango wa upotovu. Baba huyu alimpa kiti na kalamu kwanza, nasaha zikafuata baadaye. Kisha akamfundisha kumcha Mungu, kuwaheshimu wazazi, kujitunza, kuishi vema na mume na kuchukuana na watu.

Mwanawe wa kiume naye hakusahauliwa. Kwa ajili yake baba alitunga Utenzi wa Adili, akamwonyesha njia ya mtu mwungwana. Tendi hizo mbili zimo katika kitabu cha maisha yake, pamoja na habari za kazi na safari, kana kwamba mwandishi asingeweza kueleza yeye ni nani bila kueleza aliwaambia nini wanawe.

Hatutaki kumfanya malaika. Baadhi ya mashauri yake ni ya zama zake, hasa yale yanayomtaka mke amtii mume pasipo kumtaka mume naye azingatie wajibu wa kiasi kile kile. Binti wa leo, ambaye ni daktari, hakimu au mbunge, ana haki ya kuyapima na kuyajadili. Lakini na akumbuke kwamba uwezo wa kuyapima unatokana na kalamu, na kwamba huyu ni miongoni mwa akina baba waliomkabidhi binti kalamu hiyo mapema.

Mapenzi yake kwa jamaa hayakuishia kwa mke na watoto. Kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake, Yusuf Ulenge, aliyekuwa mwalimu na mwandishi. Barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zilichapishwa mwaka 2002. Ndani yake hayupo mtu wa sanamu. Yupo kaka anayeshughulika na afya ya jamaa, uhaba wa fedha na miswada isiyopata mchapishaji.

Maishani mwake alioa mara tatu, akazaa watoto na kuzika baadhi yao. Alipewa nishani ya MBE na zawadi ya Margaret Wrong, akakaa katika kamati na bodi za lugha, lakini kazi zake nyingi zilikuwa bado mswada alipofariki mwezi Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Taifa lilikuwa limepata uhuru miezi sita tu iliyotangulia. Akazikwa kwao. Kufikirika, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka chapani yeye akiwa hayupo tena. Hakuacha utajiri. Aliwaachia wanawe maneno, na maneno hayo yakawa urithi wa watoto wasio na idadi, ambao wengi wao leo ni mababu na mabibi.

Kwa maoni yetu, mzazi wa leo ana la kujifunza hapa. Wako akina baba wanaolipa ada ya shule wakahesabu kwamba malezi yamekwisha. Mengine yote wamemwachia mwalimu, na lililomshinda mwalimu wameliachia mtaa. Mtoto humwona baba siku ya ripoti na siku ya adhabu. Shaaban Robert alikuwa na sababu zote za kusema hana nafasi: mjane wa kiume, mtumishi wa kuhamishwa huku na huko, mtu mwenye vitabu kichwani vinavyodai kuandikwa. Alipata nafasi. Si lazima kila baba awe malenga. Lakini hakuna baba asiyeweza kuvuta kiti jioni, akamketisha binti yake au mwanawe, akamwambia kwa utulivu yale anayotaka ayakumbuke siku ambayo yeye hatakuwapo. Mola amrehemu marehemu, na atupe sisi tulio hai moyo wa kuifanya kazi hiyo kabla saa zetu hazijakwisha.