Barbara McClintock: Mwanamke Aliyegundua Jeni Zinazohama



Ndugu zangu, safari hii tunamtazama mwanamke ambaye hakuwa Mwislamu, lakini maisha yake yana funzo kubwa kwa kila mtafuta elimu.

Barbara McClintock alizaliwa Juni 16, 1902, huko Hartford, Marekani. Alipotaka kwenda chuo kikuu, mama yake alikataa akihofia kwamba binti msomi hatapata mume. Hofu hiyo si ngeni kwetu. Hapa Mununga na katika vijiji vingine vya ufukwe wa Ziwa Mweru, bado utasikia wazazi wakiuliza binti akisoma sana ataolewa na nani. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimuunga mkono, na mwaka 1919 akaingia Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 1927 alipata shahada ya uzamivu katika elimu ya mimea.

Shamba la mahindi ndilo lililokuwa maabara yake. Mwaka 1931, yeye na Harriet Creighton walithibitisha kwamba kromosomu hubadilishana vipande. Mwaka 1941 alihamia Cold Spring Harbor, karibu na New York, na huko akakutana na fumbo: punje moja ya hindi, nyeupe au ya rangi hafifu, ikiwa na madoa ya zambarau. Kama jeni hukaa mahali pamoja daima, kama wataalamu walivyoamini, madoa hayo yalitoka wapi?

Msimu baada ya msimu alipanda, akachavusha kwa mkono na kuchunguza kwa hadubini. Mwisho akaona kwamba kipande cha DNA alichokiita Ds kiliweza kuhama. Kikijipachika ndani ya jeni ya rangi, rangi hupotea. Kikiondoka katika seli moja, rangi hurudi kwa seli hiyo na kwa zote zinazotokana nayo, na hilo ndilo doa. Kikiondoka mapema, doa huwa kubwa. Kikichelewa, huwa dogo. Lakini Ds hakikuhama peke yake. Kilihitaji kipande kingine, Ac, kiwemo katika seli hiyo hiyo.

Sababu yake ilijulikana baadaye. Ac kina maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoitwa transposezi, na Ds hakina, hivyo hutegemea cha mwenzake. Vimeng'enya vya aina hii vina sehemu inayotambua ncha mbili za kipande cha DNA. Molekuli mbili au zaidi za kimeng'enya hushikana na kuzikutanisha ncha hizo, kama wavuvi wanaovuta wavu kutoka pande mbili mpaka wakutane ufukweni. Katika vingi vya vimeng'enya hivyo, mahali pa kukatia pana asidi amino tatu, aspateti mbili na glutameti moja, zinazoshikilia chembe za magnesiamu. Hapo DNA hukatwa, kisha kipande hupachikwa mahali pengine.

Mwaka 1951 McClintock aliwaeleza wataalamu wenzake matokeo yake. Wengi hawakumwelewa, na wapo waliomwona amepotoka. Baada ya miaka michache alipunguza kuchapisha juu ya jambo hilo, lakini hakuacha utafiti wala kutupa kumbukumbu zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti walikuta vipande vinavyohama ndani ya bakteria. Baadaye ikajulikana kwamba baadhi ya vipande hivyo hubeba jeni za usugu dhidi ya dawa za antibiotiki, na hiyo ni sababu mojawapo ya dawa hizo kushindwa hospitalini. Pia ikaonekana kwamba karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vya namna hiyo. Hata vimeng'enya vya RAG, vinavyokata na kupanga upya jeni ili mwili utengeneze kingamwili za aina nyingi, vina asili moja na transposezi. Yaani kinga yetu dhidi ya maradhi inatumia kazi ile ile iliyoonekana kwenye punje ya hindi. Subhanallah!

Mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 81, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba peke yake. Alifariki Septemba 2, 1992, akiwa na miaka 90.

Ndugu zangu, si kila anayekataliwa yuko sahihi. McClintock hakushikilia rai yake kwa ukaidi. Alikuwa na ushahidi ambao yeyote angeweza kuukagua shambani. Sisi tunafundishwa kuthibitisha habari kabla ya kuipokea, na kusubiri. Basi tusiharakishe kumkejeli mwenzetu darasani, hasa dada zetu, kwa sababu tu hatujamwelewa. Na aliye na hoja ya kweli, aitunze kwa ushahidi.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.